Kompyuta ya Ngongoti

12 Januari

Mdogo wangu,

Mwaka umeanzaje huko? Mimi mzima, ila goti la kulia limeanza kunisemesha kila nikipanda ngazi, na kituo chetu cha wazee ni ngazi tupu. Bibi wa chumba cha mwisho, yule niliyekuambia ananiita kwa jina la binti yake, amefariki. Nilimwogesha asubuhi, mchana kitanda chake kilikuwa kimeshatandikwa kwa ajili ya mwingine. Kazi ndiyo hiyo. Na baridi ya huku haina adabu, inamfuata mtu mpaka ndani ya soksi.

Nimefurahi tumekubaliana kuandikiana. Kwenye simu tunakatizana maneno, kisha wewe unanuna na mimi nalia, na nyumba yenu ya vyumba viwili haifichi kitu, mtoto anasikia yote. Karatasi angalau inamwacha mtu amalize sentensi.

Sasa nisikilize. Mwanangu Kibonge anatimiza miaka kumi na minane mwezi wa nane. Uliniambia siku hizi akitoka shule anashinda kwenye ukumbi wa gemu, na akishika kipanya wenzake wanaacha viti vyao kuja kumtazama. Nataka apate kompyuta yake mwenyewe. Isiwe ya kifahari, wala isiwe ya kuchechemea. Iwe ya katikati. Mpishi wetu hapa kazini, mtu mzima na kipara chake, ni mgonjwa wa mambo hayo. Ameniambia nisinunue iliyoungwa tayari, maana wenye maduka huweka kitu kimoja kizuri mbele ya macho ya mteja, nyuma wakajaza makapi. Anasema tununue vipande, kimoja kimoja, tuunge wenyewe. Muulize mtoto anataka nini. Aniandikie, hata mistari miwili.

Na mwezi wa nane nitakuja, Mungu akipenda. Safari hii nimedhamiria.

Nguo zangu za kwenye sanduku zianike juani.

Dada yako


20 Februari

Dada, shikamoo.

Barua yako ilifika imelowa pembe moja, nikaianika dirishani kama soksi. Sisi wazima. Kiwandani tunajalidi madaftari ya shule, msimu wake ndio huu, na gundi imenikausha vidole mpaka simu haitambui tena alama ya dole gumba langu. Bati la upande wa jikoni nimelibadilisha. Nguo zako nimezianika zote. Gauni la zambarau nondo wamelitoboa kwapani. Kaburi la mama nimelipalilia, majani yalishafika magotini. Hukuuliza, nakuambia tu.

Halafu, dada, hakuna anayemwita Kibonge tena. Unene ule ulikwisha miaka mingi. Mtaa mzima unamwita Ngongoti; akipita mlangoni anainama. Nakuambia mapema ili siku ukija usimtafute mtoto mnene.

Habari ya kompyuta nilimweleza. Amefurahi. Alinyamaza kwa furaha.

Nikaenda dukani, ghorofa ya pili juu ya wauza matairi. Fundi wa pale ni mwanamke, ana miwani mizito na sauti ya mtu aliyezoea kurudia maneno. Aliniuliza ni ya kazi gani, nikasema gemu. Uwezo? Nikasema wa katikati. Akacheka: "Kila anayepanda ngazi hizi anasema wa katikati. Akiona kioo na taa, katikati inahama."

Akanikalisha, akanieleza kama mtoto. Prosesa ndiyo kichwa, inapiga hesabu. RAM ni meza ya kazi: ikiwa nyembamba, vitu vinadondoka. Diski ni kabati. Na kadi ya picha ndiyo inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini. Hiyo kwenye kompyuta ya gemu inakula karibu nusu ya mfuko, na ndiyo inayochaguliwa kwanza, vingine vinaifuata. Mimi nilipomsikia anasema kadi ya picha nilidhani ni zile za mialiko ya harusi. Tulicheka wote wawili.

Unajua kwamba hata kompyuta ina mama? Kuna ubao mpana ambao kila kitu kinachomekwa juu yake, wanauita ubao mama. Fundi anasema usipokuwepo huo, vingine vyote ni vyuma tu vilivyolala ndani ya maboksi.

Niambie tuanzie wapi. Ngongoti anakusalimu.

Mdogo wako


28 Machi

Mdogo wangu,

Salamu za hapa ni za kikohozi. Nusu ya wazee wanakohoa na nusu ya wafanyakazi wanawaiga, na waliobaki wazima tunafanya kazi za watu wawili. Nimehamia chumba kingine, mtaa huohuo, ghorofa ya chini; kina dirisha linaloangalia ukuta. Anwani ya barua ni ileile ya kazini.

Ubao mama nimeuelewa. Nimekuelewa na wewe. Ukitaka kunisema niseme kwa jina langu, mdogo wangu, usiniseme kwa jina la vyuma.

Tuyaache hayo. Mtoto kufurahi kumenipa usingizi. Nimekaa na mpishi kwa zamu mbili za chai, ananieleza kwa kalamu. Anakubaliana na fundi wako: kadi kwanza. Hiyo nitainunua huku, mpishi ataichagua, na muuguzi mmoja wa hapa anayekuja likizo huko atawaletea mkononi. Wewe nunua prosesa ya kati, ubao unaolingana nayo (mwambie fundi akuthibitishie kwamba vinaingiana, kwa maana kuna prosesa na bodi zisizosikilizana kabisa), RAM vipande viwili badala ya kimoja, na diski zile mpya zisizozunguka. Skrini usiichukue kubwa kupita kiasi. Mpishi anasema kadi ya katikati na skrini ya kifalme ni kumpa punda mzigo wa lori.

Lakini kasha nalichagua mimi. Nataka lile la kioo ubavuni lenye taa zinazobadilika rangi. Anaogopa giza yule. Umesahau alivyokuwa hataki taa ya chumbani izimwe mpaka asinzie? Akiwa na taa zake atanikumbuka.

Mbona hajaandika? Mistari miwili tu.

Dada yako


5 Mei

Dada, shikamoo.

Pole na kikohozi. Huku mvua zimekuja kwa hasira, mfereji wa mbele ya nyumba ulijaa tukatoka kwa kurukaruka kama watoto. Kiwandani wamepunguza watu. Mimi nimebaki kwa sababu najua kushona vitabu kwa mkono, na kuna wateja wachache bado wanaotaka hivyo.

Ngongoti haogopi giza. Aliogopa mwaka ule ulipoondoka, na uliofuata kidogo. Nililala naye kitanda kimoja mpaka alipoacha. Sikukuandikia kwa sababu hukuwa na la kufanya.

Kasha la kioo sikulinunua. Fundi alinionyesha mawili. La kioo lilikuwa zuri kama duka la vito, lakini mbele limezibwa, hewa haiingii. La pili halina sura, jeusi tu, mbele wavu mtupu. Akasema, "Mama, taa haziendeshi gemu. Joto linaiua." Tofauti ya bei tukaiweka kwenye paua, lile boksi la chuma linalogawia vipande vingine umeme. Anasema watu wengi wa katikati huko ndiko wanakobania, wananunua ya bei ya chini kuliko zote. Siku umeme unaporuka inakufa na kuondoka na wenzake. Na unajua umeme wetu, unacheza kama mlevi.

Kwa hiyo prosesa ipo, ubao upo na vinasikilizana, RAM vipande viwili, diski, paua, kasha. Vimekaa juu ya kabati la vyombo kwenye maboksi yake. Skrini ndogo ya kiasi inafuata. Inasubiriwa kadi yako.

Salamu za mwanao ni hizi: "Shikamoo nyingi mama yangu mpendwa, nakushukuru kwa moyo wako wa upendo, kadi naisubiri kwa hamu kubwa." Shule imembana, ndiyo maana hakuandika mwenyewe.

Mdogo wako


2 Juni

Mdogo wangu,

Nakusalimu, lakini kwa shingo upande.

Salamu zile ni zako. Nimezisoma mara moja nikajua. Hakuna mtoto wa kiume wa miaka kumi na saba anayesema "moyo wako wa upendo". Wewe ndiye uliyekuwa ukiandika hivyo shuleni, mwalimu akikusifu. Usinitungie mtoto. Kama hataki kuniandikia, niambie hataki, nijue la kufanya. Tangu mwezi wa kwanza nawaambia watu hapa kwamba mwanangu anachagua vipande vya kompyuta yake na mimi, mpishi anamuulizia kila asubuhi. Kumbe nachagua na wewe.

Na kasha ulibadilisha bila kuniuliza. Jambo moja nililolitaka kwa jicho langu mwenyewe, ukalibadilisha.

Nitasema linalonikaa. Sijui unamwambia nini jioni mkikaa wawili. Nilimwacha mtoto anayenililia, leo hashiki simu nikipiga. Chuki haioti yenyewe, kuna anayeimwagilia. Najua utanijibu kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hiyo naijua kuliko wewe, nimekaa nayo huku miaka kumi.

Muuguzi ameondoka na kadi tarehe moja. Imefungwa vizuri isipate mtikisiko. Kadi ni nzuri, mpishi ameibusu kabla ya kuifunga.

Jambo la mwisho, na hili ni kubwa. Nimeanza kushughulikia karatasi zake aje kuishi na mimi. Lazima zipite mapema, wanataka vitambulisho vyake na uthibitisho kwamba mimi ndiye mama yake. Akishapata kitambulisho cha taifa mwezi wa nane, nitumie nakala. Usimwambie kwanza. Nataka nimwambie mwenyewe nikija.

Dada yako


25 Juni

Dada, shikamoo.

Tuko wazima. Muuguzi alifika Jumapili, mtu mwema, alikunywa chai akasifu bati letu jipya. Alisema huko kazini unapendwa na wazee. Nikamwambia kwetu pia ulipendwa na mzee mmoja, mama yetu, akafa akiangalia mlango.

Maneno yale yalikuwa yangu, ndiyo. Mwezi wa pili nilipomwambia habari ya kompyuta alisema, "Mwambie sitaki kitu." Akarudi kusoma. Ungependa ningekuandikia hivyo? Nilijua ungelia mbele ya wazee wa watu. Nikasema mtoto ni mtoto, akiona maboksi atalainika. Kukuchukia wewe sijamfundisha. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia kila mwaka, "Mama anakuja mwezi wa nane," nikamnunulia viatu vya kukupokelea. Viatu vilimbana akiwa hajavivaa.

Sasa habari ya mzigo wako. Ngongoti alikuwepo muuguzi alipokuja, na kwa mara ya kwanza alisogea. Nilimwona anajifanya anatafuta maji ya kunywa. Muuguzi alipoondoka akakaa mezani, akaufungua mwenyewe kwa kisu cha mkate, taratibu asikate boksi.

Kadi ilikuwa imezungushiwa nguo. Fulana mbili, soksi, suruali ya kulalia, na sweta ndogo ya njano yenye bata kifuani. Ni za mtoto wa kike wa miaka minne au mitano, nguo zilizovaliwa, kiwiko kimoja cha sweta kimeshonwa. Mshono naujua, dada. Ni ule aliotufundisha mama, wa kurudi nyuma mara mbili. Nami nashona hivyo vitabu kila siku.

Aliitandaza ile sweta mezani. Akaipima kwa kiganja chake, ikaenea viganja viwili. Hakuniuliza neno. Akaikunja vizuri, akaiweka kando, akachukua kadi akaisoma maandishi ya nyuma.

Nakuuliza mimi: nguo za nani?

Mdogo wako


14 Julai

Mdogo wangu,

Natumaini mko salama. Hapa joto limeanza, nasi tunawatoa wazee nje wakae kivulini.

Mpishi amenipa haya, mpe anayeunga. Kabla ya kugusa kipande chochote ashike kwanza chuma cha kasha, mwili una umeme wake mdogo unaoua vifaa. Kati ya prosesa na feni yake iwekwe dawa ya kupooza joto, tone la ukubwa wa punje ya mahindi, si zaidi. RAM zisikae pamoja, zirukishe tundu moja katikati. Feni za mbele zivute hewa ndani, ya nyuma iitoe. Kadi ikiingia kwenye ubao itasikika "ta", isiposikika haijaingia. Waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi, si kwenye ubao. Wengi hukosea hapo, wakaona giza, wakadhani kadi ni mbovu.

Ulikuwa sahihi kuhusu kasha.

Mwezi wa nane sitaweza kuja. Wameninyima likizo. Nitajaribu mwisho wa mwaka. Karatasi za kuja huku zinaendelea, usisahau nakala ya kitambulisho.

Dada yako


3 Septemba

Dada, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Huku jua ni kali, mfereji umekauka, mtaa unafuka vumbi. Wazima sote.

Nilisoma barua yako ya Julai nikaigeuza nyuma, nikidhani umeandika upande wa pili. Basi. Umenijibu.

Nilimpa Ngongoti ule ukurasa wa mpishi. Nilimwambia pia kwamba hutakuja. Akasema, "Sawa," kama mtu aliyeambiwa mkate umekwisha dukani. Jumamosi iliyofuata akashusha maboksi kutoka juu ya kabati, akatandika shuka mezani, akaanza. Nilikuwa nakunja nguo, nikamwacha. Ana mikono ya babu yetu, mirefu na haitetemeki. Prosesa aliishika kwa pembe kama mtu anayeshika jicho. Kila kipande alikisomea kwanza ule ukurasa, kisha akakiweka. Kadi ilipoingia tulisikia wote, "ta", akatabasamu kabla hajakumbuka kwamba hataki kutabasamu.

Ndipo akaniuliza, bado ameinama kwenye kasha.

"Ana miaka mingapi?"

"Nani?"

"Mwenye sweta."

Nikasema sijui. Nikasema labda ni nguo za jirani, watu hufungia vitu kwa nguo zozote.

"Mama," akasema, "kiwiko kile kimeshonwa kama unavyonishonea mimi."

Akafunga skrubu ya mwisho.

"Sina hasira na mtoto," akasema. "Hata na mashine sina hasira. Vyuma havina kosa."

Akabonyeza. Feni zikazunguka, skrini ikawaka buluu. Dada, ni mashine nzuri. Haipigi kelele, haichemki. Aliweka gemu lake la magari, akakimbiza gari kwenye mvua, na matone ya mvua yalionekana yakiteleza kwenye kioo cha gari moja moja. Mimi niliyezoea kudharau mambo haya nilisimama nikatazama. Anaitumia kila siku. Usidhani ameitupa, kwa maana najua ndivyo utakavyoogopa, na usidhani imemlainisha, kwa maana najua ndivyo ulivyotumaini. Siku ile alipozima alipiga mkono juu ya kasha akasema, "Kadi ni kali. Mama mkubwa anajua kuchagua."

Nilifikiri sikusikia vizuri. Nikamuuliza, "Nani?"

"Mama mkubwa," akasema. "Si ni dada yako mkubwa?"

Nilitaka kumkemea. Nilifungua mdomo. Nikakumbuka kwamba sina neno lolote la kumkemea ambalo si la uongo.

Halafu tukaenda kuchukua kitambulisho. Ofisi ilijaa, tulisimama foleni mpaka miguu ikavimba. Karani, mzee mpole aliyechoka, alimuuliza jina, mahali alipozaliwa, shule. Kisha akauliza bila kuinua macho, "Mama yako nani?"

Ngongoti akageuka, akanionyesha kwa mkono wazi, na akataja jina langu.

Karani akanitazama juu ya miwani. "Ndiye wewe?"

Dada, cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa kwenye mkoba wangu, kina jina lako, nilikibeba kwa ajili ya kukitoa. Kila mtu nyuma yetu alikuwa anasubiri. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Hapana, mimi ni mama yake mdogo." Ni maneno machache. Ngongoti hakunitazama. Alikuwa anatazama meza, masikio yamemwiva, kama siku ile uliyoondoka aliposimama getini akijifanya anahesabu mawe.

Nikasema, "Ndiye mimi."

Karani akaomba cheti. Nikasema kimepotea na maji ya mfereji. Akaguna, akatuelekeza tukaape kwa afisa wa chumba cha pili, tukaapa. Nimeapa uongo, dada, nikiwa na akili zangu timamu, mimi ambaye ulinituma sokoni nikarudi na chenji mpaka sumni. Sikujuta njiani wala sijajuta leo. Nilimlea nikiambiwa ni miaka miwili. Yule mwashi aliyenichumbia alisema mtoto arudishwe kwa mwenyewe kwanza; nikamuuliza mwenyewe yuko wapi, akaenda zake. Hili sikukuandikia kamwe.

Kwa hiyo nakala unayoitaka ipo, lakini haitakufaa kitu. Ukitaka kulisahihisha, ofisi iko palepale, milango inafunguliwa saa mbili asubuhi. Cheti ninacho, sijakichana. Njoo ulisahihishe mwenyewe. Njoo na mwenye sweta, na yeye ni damu yetu, kitanda kipo. Lakini kwa barua sisahihishi kitu.

Mdogo wako


30 Oktoba

Nimeanza barua hii mara nyingi na kila nikifika kwenye salamu nakwama. Leo sitasalimu.

Ana miaka mitano. Baba yake alikuwa dereva wa gari la kituo, akaondoka mtoto akiwa bado tumboni. Mwaka ule ndio niliokuwa nimeshakata tiketi ya kuja, ule wa viatu vya kunipokelea. Nilisema nikishajifungua nitakuja nieleze. Nikajifungua, nikaogopa uso wa mama. Mama akafa, nikaogopa uso wako. Kisha kila mwaka ukawa mzito kuliko uliopita, na mimi ni yuleyule mwenye goti bovu. Zile nguo hazikuwa bahati mbaya kabisa. Nilikuwa na magazeti pale pale mezani. Mkono ulichukua nguo.

Ulipouliza za nani nilishindwa. Nikakuandikia feni.

Barua yako ilinikuta namlisha babu mmoja asiyeona. Aliniuliza, "Mbona kijiko kimesimama?" Nikamwambia supu ni ya moto. Jioni nilimsomea binti yangu sehemu ile ya gari na mvua. Akauliza huyo anayecheza ni nani. Nikamwambia ni mtoto wa mama yako mdogo, yuko mbali, ni mrefu mpaka anainama mlangoni. Alicheka akataka kujua kama anaweza kushika dari. Nilijisikia nikisema hivyo, "mtoto wa mama yako mdogo", na ulimi haukujikwaa. Hilo ndilo limenitisha kuliko kiapo chako.

Nilikuwa tayari kukushtaki, nikuambie ukweli. Nililala siku tatu nikipanga maneno ya kumwandikia yule karani. Kila nikifika mahali pa kueleza ni kwa nini mtoto wa miaka kumi na minane hakunitaja mimi, sikuwa na cha kuandika. Karatasi za kuja huku nimezifuta. Mpishi ameniuliza kompyuta iliwaka? Nikasema iliwaka. Akafurahi kama yake.

Umepata ulichokitaka, mdogo wangu, na huenda ni haki yako, lakini usiniombe nikupongeze. Umeninyang'anya nilichokuwa nimekiacha mlangoni. Sijui mtu anayefanya hivyo anaitwaje. Mimi najua naitwaje.

Usimsahihishe. Na cheti kile kichane, kisije kikamtesa mbele ya safari.

Msalimie sana.

Ni mimi,
mama yake mkubwa